Mafunzo ya uongozi polisi yaanze kwa mkuu wa zamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa maboresho ya Jeshi la Polisi, ambao tangu Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman imkabidhi Rais Samia Suluhu Hassan taarifa yake mwezi Julai 2023 umekuwa ukipamba moto na kupoa, kutegemea ni tukio gani limetikisa nchi wiki hiyo. Mengi yamesemwa kuhusu muundo wa jeshi, kuhusu upelelezi kutengwa na polisi, kuhusu mishahara, nyumba za askari na hata jina la jeshi lenyewe. Langu ni dogo zaidi, lakini kwa maoni yangu ndilo litakaloamua kama hayo makubwa yatamfikia mwananchi wa Pongwe au Mabokweni hapa Tanga: ni nani anayemfundisha sajenti kusimamia watu, anamfundisha lini, na nani anafuatilia kuona kama yaliyofundishwa yanafanyika.

Wakubwa wa polisi tunawajua. Kamanda wa Mkoa tunamwona kwenye runinga, Mkuu wa Polisi wa Wilaya tunamwona kwenye mikutano ya hadhara, na Mkuu wa Kituo, kama hatumjui kwa sura, walau tumelisikia jina lake. Lakini mtu anapokwenda kituoni saa tano usiku kwa sababu mwanawe amekamatwa na bodaboda yake, hao wote wako majumbani kwao. Anayemkuta ni konstebo wa kaunta, na nyuma ya konstebo huyo yupo koplo au sajenti mwenye zamu, ambaye mpaka kupambazuke ndiye Jeshi la Polisi lote kwa wakazi wa eneo lile. Yeye ndiye atakayeona kama taarifa imeandikwa au imepuuzwa, kama mtu ameingizwa mahabusu kwa sababu inayoeleweka au kwa hasira za askari, na kama mwanamke aliyepigwa anapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto au anaambiwa arudi nyumbani akayamalize na mumewe.

Mtu huyu hakuokotwa barabarani. Amepita depo Moshi, amelala malindoni, amekwenda doria miaka na miaka, na kabla ya kuvaa tepe amepelekwa kozi ya kupandishwa cheo. Sizidharau kozi hizo hata kidogo, kwa kuwa kwata, sheria na matumizi ya silaha havifunzwi mtaani. Ila kuijua sheria ya ukamataji ni kazi moja, na kumfanya kijana aliyechoka, mwenye njaa, aliyetoka kutukanwa na mlevi, aifuate sheria hiyo saa tisa usiku wakati hakuna anayemwona isipokuwa wewe, ni kazi nyingine kabisa. Kazi hii ya pili ndiyo ninayoiita uongozi, nayo haiji yenyewe kwa sababu mtu ameshonewa tepe tatu begani.

Nayasema haya kama mtu aliyesimamia zamu kiwandani hapa Tanga mpaka nikastaafu. Nimewaona mafundi hodari wakipandishwa kuwa wasimamizi siku ya Jumatatu na kuachwa wajitegemee siku hiyohiyo. Wengine waliendelea kushika spana wao wenyewe huku watu wanane wamesimama wakiwatazama. Wengine, na hawa ndio waliokuwa hatari, walishindwa kumwambia ukweli mtu waliyekuwa wakila naye ugali wiki iliyopita, basi wakawa wanamfichia. Mashine ilipoharibika, kila mmoja alikuwa amejua tangu mwezi uliopita kwamba itaharibika. Kwa askari jambo hili ni gumu zaidi kuliko kwetu sisi wa viwandani, maana wao wanakaa kambi moja, watoto wao wanasoma shule moja, na konstebo wa jana aliyerudi kutoka kozi akiwa koplo mara nyingine anawasimamia walewale waliokuwa wakilinda naye lindo moja. Kumkemea rafiki ni jambo linalofundishika, lakini linahitaji mwalimu na linahitaji mazoezi, kama kunavyohitaji kulenga shabaha.

Nitoe mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Kwa kuwa ni mjumbe wa kamati ya ulinzi ya mtaa, nilimsindikiza jirani yangu, mama muuza vitumbua, kwenda kuripoti wizi wa simu na mtungi wa gesi. Kituo sikitaji, kwa sababu ninachokieleza hakihusu kituo kimoja. Kijana wa kaunta alitupokea bila kuinua macho, akasema karatasi za maelezo zimekwisha, tukanunue dukani au turudi asubuhi, na mama alipouliza kuhusu RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni, akafokewa. Mkuu wa zamu alikuwa ameketi hatua tatu nyuma yake, anatazama mpira kwenye simu, na alisikia kila neno. Tulirudi siku nyingine jioni. Konstebo alikuwa yuleyule, lakini mwenye zamu alikuwa mwingine, sajenti mtu mzima mwenye miwani. Kijana alisimama, akatuamkia, akatuvutia benchi. Aliandika maelezo, na alipomaliza, sajenti akamwambia kwa sauti ya chini, "Msomee mama alichosema, asikie kama ndicho." Akamsomea. Mama akasahihisha rangi ya simu na saa aliyogundua kwamba mlango umevunjwa. Sajenti akalichukua jalada, akalipitia mstari kwa mstari, akatuandikia namba, akatueleza ni mpelelezi gani tumuulizie. Yote hayo hayakuzidi nusu saa.

Mtungi haukupatikana mpaka leo, na simu ndiyo kabisa. Lakini mshahara wa kijana yule haukupanda kati ya siku ile ya kwanza na ya pili, kituo hakikupakwa rangi, wala hakuna gari jipya lililoletwa. Karatasi nazo, sijui zilitoka wapi. Kilichobadilika ni mtu aliyeketi nyuma yake.

Wamarekani, ambao polisi wao nao wana yao, wamewahi kulipima jambo la namna hii. Katika jiji la Seattle, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2018, baadhi ya askari wa doria waliitwa na wasimamizi wao kuzungumza juu ya tukio la kawaida walilolihudumia karibuni. Haukuwa wito wa kinidhamu, na tukio halikuchaguliwa kwa kuwa askari alikosea. Msimamizi aliuliza: ulipofika pale uliona nini, ulifikiri nini, ulimpa mtu nafasi ya kujieleza, ulimwambia kwa nini unafanya unalolifanya? Na wakati akiuliza, naye alimsikiliza askari kwa staha ileile aliyotaka askari amwonyeshe raia. Katika wiki zilizofuata, askari walioitwa walimaliza matukio yao kwa kukamata mara chache zaidi kuliko wenzao wasioitwa, na walihusika mara chache zaidi katika matukio ya kutumia nguvu. Hapakuwa na hoteli, begi la semina wala posho ya safari. Palikuwa na msimamizi aliyefundishwa namna ya kuzungumza na mtu wake, basi.

Kinyume chake kilionekana katika nchi hiyohiyo, Minneapolis, tarehe 25 Mei 2020. Derek Chauvin, aliyemkandamiza George Floyd shingoni kwa goti mpaka akafa, alikuwa na miaka ipatayo 19 kazini na alikuwa mkufunzi wa askari wapya. Wawili kati ya waliokuwa naye walikuwa na siku chache tu tangu wamalize mafunzo. Mmoja wa hao wageni aliuliza kama wamgeuze Floyd alale ubavu. Mzoefu alikataa, mgeni akanyamaza, na wote wakaishia kuhukumiwa kifungo. Watu wengi wanakumbuka goti. Mimi nakumbuka lile swali, kwa sababu lilikuwa swali sahihi, liliulizwa kwa wakati, na halikuwa na pa kwenda. Kwetu hapa, ambapo jibu la kwanza analofundishwa askari ni "Ndiyo, afande," swali kama lile lina nafasi ndogo zaidi ya kutamkwa, sembuse kusikilizwa. Simaanishi kwamba utii uondolewe, maana jeshi bila utii ni genge. Namaanisha kwamba mwenye cheo afundishwe kuutambua wakati ambao mdogo wake anamwokoa.

Na tusijidanganye kwamba haya ni ya Wamarekani. Januari 2022, maofisa na askari saba walifikishwa mahakamani Mtwara wakituhumiwa kumuua kijana mfanyabiashara wa madini, na miongoni mwa washtakiwa walikuwamo wenye nyota mabegani. Nchi nzima ilishtuka kwa ukubwa wa vyeo vilivyotajwa. Tunapenda kusema kwamba tatizo la polisi ni vijana wa siku hizi wasio na maadili, lakini kijana hujifunza maadili ya kazi kutoka kwa aliye juu yake hatua moja, na huyo naye kutoka kwa wa juu yake.

Sasa, mafunzo yenyewe yawe ya nini? Hapa ndipo ningependa wahusika wapafikirie kwa undani, kwa sababu neno uongozi likiachwa liende lenyewe huishia kwenye mihadhara ya dira, dhamira na sifa kumi za kiongozi bora, cheti kikatolewa, kikatiwa fremu, kikatundikwa juu ya meza ya Mkuu wa Kituo. Mimi ningeanza na lile gwaride la kuingia zamu. Dakika kumi zile ambazo askari wanasimama mstari kabla ya kugawiwa kazi ndizo darasa la kila siku, tena lisilo na gharama, na mara nyingi huisha kwa kuitana majina na kukagua viatu. Sajenti afundishwe kuzitumia: jana usiku kulitokea nini Kwaminchi, tuliitikiaje, leo nani anakwenda na nani, na kwa nini hawa wawili siwapangi pamoja tena.

Kisha afundishwe kuliangalia daftari la mahabusu kama mwenye duka anavyoangalia daftari la madeni. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtu aliyekamatwa bila hati, kama hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, shauri lake litazamwe na mkuu wa kituo na aachiwe kwa dhamana isipokuwa kosa lionekane kuwa zito. Imeweka pia ukomo wa mahojiano, ambao kwa kawaida ni saa nne. Vifungu hivi askari wote wamevisoma. Lakini nani anayepiga hesabu ya saa? Mtu anakamatwa Ijumaa jioni kwa ugomvi wa deni la elfu thelathini, aliyemkamata anamaliza zamu anakwenda zake, anayepokea zamu anaambiwa "huyo mwache, ni wa fulani," na ndugu zake wanapigwa danadana mpaka Jumatatu. Hakuna hata mmoja aliyeamua kumdhulumu. Ni makabidhiano mabovu ya zamu, na makabidhiano ni kazi ya msimamizi. Ndani ya pengo kama hilo ndimo mnamoota lile tunaloliita kitu kidogo, kwa kuwa palipo na mtu asiyejulikana anashikiliwa na nani, hapakosi mtu wa kuuza ufunguo. Bango la "Dhamana ni haki yako, dhamana ni bure" linapendeza ukutani, lakini bango halina masikio.

Lipo jingine linalosemwa kidogo sana, nalo ni askari mwenyewe kama binadamu. Anayesafiri barabara ya Segera kwenda Chalinze anajua ajali zinazotokea huko. Askari wa usalama barabarani anayeitwa alfajiri kuopoa maiti za abiria, pengine na za watoto, anarudi kambini, anaoga, na jioni anapangwa kazini kana kwamba alikuwa anahesabu magunia. Akimpiga mtu kofi kaunta usiku ule, tutasema polisi ni wakatili, na kofi litabaki kosa. Lakini msimamizi aliyefunzwa angemtazama kijana wake usoni wakati wa gwaride na kumbadilishia zamu. Sisi wanaume wa Pwani hatuna mazoea ya kuulizana "umelalaje?" kwa maana halisi ya swali hilo, na jeshini ni zaidi. Basi na lifundishwe kama somo, lenye mtihani.

Kuhusu mahali pa kufundishia, mkoa wetu una bahati ambayo haitumiki ipasavyo. Wasomaji wengi wamesahau kwamba polisi wa Tanganyika walipoundwa na Waingereza mwaka 1919, makao makuu yao ya kwanza yalikuwa Lushoto. Polisi wale waliundwa ili amri ishuke kutoka kwa ofisa Mzungu na askari Mwafrika atii bila kuuliza, na naamini sehemu ya mazoea hayo bado tunayo. Leo Lushoto hiyohiyo ndiko kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Sioni kwa nini masajenti na wakaguzi wa mkoa huu wasipelekwe huko kwa wiki moja, wakakaa darasa moja na mahakimu, wakaonyeshwa majalada yaliyoanguka mahakamani na kuelezwa ni kwa sababu ya mstari gani, ulioandikwa na nani, saa ngapi, na msimamizi wake alikuwa wapi. Hapa mjini nako lipo tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, linalofundisha watumishi wa serikali. Vyuo vya Moshi, Kurasini na Kidatu vina kazi yake, na vibaki nayo. Ninachopendekeza ni nyongeza inayofanyika karibu na kituo, ili mwanafunzi akirudi kazini mwalimu aweze kumfuata baada ya miezi mitatu na kukaa naye zamu nzima akimtazama. Bila hilo la mwisho, mengine yote ni matembezi.

Lugha pia izingatiwe. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu, hivyo hakuna tena sababu ya kumpa sajenti makabrasha ya Kiingereza yaliyonakiliwa kutoka kwingine, yenye mifano ya miji asiyoijua. Apewe kisa cha bodaboda na bajaji waliogombana stendi ya Kange, cha mvuvi wa Mwambani anayetuhumiwa kwa baruti, cha mzigo uliovuka mpaka wa Horohoro usiku. Apewe pia cha Chongoleani, ambako bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia, na ambako ardhi, ajira na wageni vimeleta mashauri ambayo kituo cha pembezoni hakikuwahi kuyafikiria miaka kumi iliyopita.

Najua nitajibiwa kwamba askari hawana nyumba za kutosha, mafuta ya gari hayatoshi, na kwamba ni rahisi kwa mstaafu kukaa barazani akapanga kazi za watu. Hayo ya nyumba na mafuta ni kweli, na serikali iendelee kubanwa. Lakini yasitumike kama kisingizio cha kutogusa lisilohitaji mafuta. Pia nitaambiwa kwamba mafunzo ya uongozi tayari yapo. Yapo, na mengi huwaendea maofisa wa juu, ambao tayari wamesoma sana. Mrakibu akifundishwa na sajenti asifundishwe, elimu inaishia ofisini, haiteremki mpaka kaunta. Ningeomba mpangilio ugeuzwe: aliyevaa tepe mwaka huu atangulie, Mkuu wa Kituo amfuate, na wakubwa wapewe somo moja tu, la namna ya kumlinda msimamizi mdogo anayekataa kutekeleza amri isiyo halali, asije akahamishwa wilaya ya mbali mwezi unaofuata.

Wakati hayo yakisubiri bajeti, nina ombi moja kwa Wakuu wa Vituo wa hapa Tanga ambalo haliingii kwenye bajeti yoyote. Mlangoni pa kila kituo pawekwe ubao, na kila zamu inapoingia liandikwe jina na cheo cha mwenye zamu pamoja na namba ya simu ya Mkuu wa Kituo, kwa herufi ambazo mama wa vitumbua anaweza kuzisoma akiwa amesimama nje usiku. Sisi wa kamati za mitaa tutalitangaza jambo hilo kwenye mikutano yetu, na baada ya miezi mitatu tutaleta kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya majina ya wakuu wa zamu ambao wananchi wanawasifu, na ya wale wanaolalamikiwa, ili ajue wa kuanza nao kozi.

Mstaafu na mjumbe wa kamati ya ulinzi ya mtaa,
Tanga.